Kisanduku cha Jina

Siku hizi mambo mengi tunayaandikia kwenye intaneti: kuomba viza, kuandikisha mtoto shuleni, kufungua konti ya kupokelea feza. Kila mara tunaulizwa kwanza jina. Nasi tunaona ya kuwa swali hilo mara nyingi limetungwa vibaya.

Watungaji wengi wa Ulaya na Marekani huweka visanduku viwili: jina la mtu na jina la ukoo. Kwetu Kongo karatasi za serikali zinauliza matatu: nomu, postnomu na prenomu. Jambo hilo lina asili yake. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kigeni, basi watu wakatwaa jina jingine la wazee wao. Miaka ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi, lakini postnomu haikuondoka.

Tutwae mfano unaojulikana: Félix Antoine Tshisekedi Tshilombo, aliyeshika urais mwaka 2019. Mashine inayodhani kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo itamwita Bwana Tshilombo. Kumbe baba yake alikuwa Étienne Tshisekedi wa Mulumba! Na ile «wa» ya baba, itakaa katika kisanduku gani?

Viko visanduku vingine vinavyokataa alama iliyo ndani ya jina kama Ng'andu, na kujibu kwamba jina si sahihi. Nani amevipa ruhusa ya kumsahihisha mtu jina alilopewa na wazazi? Tena hasara si ya heshima tu. Jina la konti lisipolingana na la kitambulisho, feza haitoki.

Watajitetea kwamba mashine sharti ipange majina kwa utaratibu. Ni kweli, basi mwenyewe aulizwe apangwe kwa jina gani. Kama jina ni la kumsalimu mtu, kisanduku kimoja kirefu kinatosha. Kama ni la kulinganisha na pasiporti, wamwambie aandike kama ilivyo humo. Nao wakumbuke kwamba katika pasiporti mistari ya chini, inayosomwa na mashine, ina nafasi 39 tu za majina, na alama ya Ng'andu haiingii humo.

Fundi wa nguo humpima mtu kwanza, ndipo akate kitambaa. Hawa wamekata mbele ya kupima.