Bastola, Majini na Chuma

Riwaya ya koboi yenye majini ndani yake huanza na tatizo la kiufundi. Bastola huua kwa mbali na papo hapo. Jini naye hashindwi na kitu. Mmoja akimzidi mwenzake, mwingine anabaki hana kazi katika hadithi. Alwyn Hamilton, katika Rebel of the Sands (2016), alitatua jambo hilo kwa chuma.

Mhusika wake mkuu ni Amani, binti mwenye shabaha kali kutoka Dustwalk, mji wa jangwani unaoishi kwa kiwanda cha silaha. Anajivika kiume na kuingia mashindano ya kulenga shabaha ili apate pesa za kutorokea Izman, mji mkuu. Katika nchi hiyo chuma huangamiza viumbe wa usiku, na kikimgusa mtu aliyezaliwa na jini humkata nguvu. Amani ni mtoto wa jini, wala hajui: amekulia kwenye vumbi la chuma, na bastola haimbanduki. Silaha inayomlinda ndiyo inayomfichia nafsi yake. Kwa kuwa kanuni ya chuma hutajwa mapema kama jambo la kawaida la jangwani, siri inapofichuka msomaji hahisi amelazimishwa. Ufundi wa kitabu uko hapo hasa. Mapenzi na uasi wa mwana wa mfalme ni mambo yaliyozoeleka.

Mandhari ya kuandikia riwaya ya namna hiyo ipo Makanya, wilayani Same, Tanzania. Milima ya Upare Kusini huuzuilia mvua upande huo, ikabaki tambarare kavu yenye mkonge, machimbo ya jasi na reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Wakulima hutegemea mafuriko yashukayo milimani, wakiyaelekeza mashambani; ugomvi wa maji, ambao hadithi nyingi za koboi husimama juu yake, hauhitaji kubuniwa.

Chuma nacho kipo. Masimulizi aliyoyachambua Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare (1969) yanaeleza kwamba Ugweno, Upare Kaskazini, ilitawaliwa na Washana, ukoo wa wahunzi, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Chuma cha huko kiliuzwa hata Uchagani. Kwa Hamilton chuma hukata nguvu; Ugweno kiliambatana na mamlaka. Riwaya ya namna hiyo ikiwekwa Makanya ingelazimika kuipindua kanuni ya Hamilton: binti wa wahunzi angepata uwezo wake kwa kushika chuma, na hatari yake ingeanza pale anaponyang'anywa bastola.