Mali ya Taifa na Haki ya Jirani

Mwaka 1958 unakumbukwa Tabora kwa mkutano wa TANU wa mwezi wa Januari, ule wa Uamuzi wa Busara, uliokubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kifupi kiitwacho Mali ya Taifa, ambacho mwaka 1966 kiliingizwa katika mkusanyo wa Freedom and Unity. Mkutano una sifa zake mpaka leo, bali kijitabu wachache wanakisoma. Nacho ndicho kilichotangulia sheria ambazo mkulima wa Uyui, Sikonge na Urambo anaishi chini yake hata sasa. Basi yafaa, ndugu msomaji, tukifungue na tukipime.

Sababu ya kuandikwa kwake ni hii. Serikali ya Kiingereza ilipendekeza Mwafrika apewe ardhi kwa milki kamili, ya kuuza na kuweka rehani. Mwalimu akapinga. Alisema ardhi ni kipawa cha Mungu kwa watu wote, hakuna mja aliyeiumba. Kilicho cha mtu ni jasho lake. Akifyeka pori akalima, pale alipopafyeka ni pake madhali anapatumia. Na pakiruhusiwa kuuza, mwenye fedha atamnunua asiye nazo, na watoto wa mwuzaji watageuka wapangaji juu ya udongo wa babu yao.

Aliyesoma japo kidogo mlango wa kuhuisha ardhi katika vitabu vya fiqhi ataisikia hapa sauti anayoijua. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa huimiliki. Maulamaa wakakhitalifiana juu ya aliyehuisha kisha akaacha pori likarudi: kwa Imamu Shafi milki yake haiondoki, na kwa Imamu Malik mwengine aweza kuihuisha tena. Mwalimu, ambaye hakuwa Muislamu, amesimama karibu na Malik! Wala hakwenda mbali na ada ya Unyamwezi, ambako ardhi ilikuwa tele, mtu akilima kwa idhini ya mtemi na mwanangwa wake. Mpaka hapa sina neno naye.

Neno langu ni kwamba hoja yote ya kijitabu imesimama juu ya wawili tu, mtu na taifa. Katikati yao jirani hana mahali. Ama katika fiqhi, jirani yumo ndani ya milki yenyewe. Kisima kina harimu yake, yaani eneo la kukizunguka ambalo mtu mwengine haruhusiwi kulihuisha, ili mwenye kuteka na mwenye kunywesha wanyama wapate nafasi. Ukuta wako ni wako, na bado umeusiwa usimzuie jirani kuegemeza boriti yake. Kisha ipo haki ya shufaa, ya kununua kabla ya mgeni. Sisi tunaofuata Imamu Shafi tunampa shufaa mshirika peke yake. Mahanafi wanampa hata jirani wa mpakani. Lakini Bukhari ametupokelea habari ya Abu Rafi, aliyemwuzia jirani yake Saad bin Abi Waqqas nyumba mbili kwa elfu nne, tena kwa mafungu, ilhali alikwisha pewa dinari mia tano taslimu. Alisema lau si mafundisho ya Mtume juu ya jirani, asingemwuzia.

Tabora yenyewe inatosha kuwa shahidi wa mali isiyojali jirani. Wafanyabiashara wa Pwani na wa Oman walifika Unyanyembe wakiwa wageni. Wakapata mahali pa kujenga matembe na kulima, wala mtemi Fundikira hakuwatoza ushuru. Fundikira alipofariki mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sele akataka ushuru juu ya bidhaa. Wakakataa, wakamng'oa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa; Mnywa Sele akauawa mwaka 1865. Wale ni ndugu zetu katika dini, na hilo halitupi ruhusa ya kuwapamba. Mashamba yao yalilimwa na watumwa, na ndani ya boma waliwahesabu hata watu kuwa mali.

Upande wa pili ni taifa lisilojali jirani, na hilo tuliliona mwaka 1974. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kufika mwisho wa 1976 kila mtu wa mashamba awe anaishi kijijini, na Tabora ikapata operesheni yake. Haitakuwa insafu kukitwika kijitabu cha 1958 madhambi hayo. Hata andiko la Ujamaa Vijijini la 1967 lilikataza nguvu. Lakini ardhi ilipokuwa ya taifa, nani angeulizwa? Ule ujirani wa Wanyamwezi, ambao mtaalamu R. G. Abrahams aliuandikia mwaka 1965, wa kuitana kupura nafaka na kuamua makosa madogo ya wakaazi, ulivunjwa. Watu walipoanza kurudi mahameni mwao waliwakuta wengine wanalima kwa nia njema, na kila mmoja alikuwa na haki. Tume ya Profesa Issa Shivji ilisikiliza mashauri ya namna hii nchini kote mwaka 1991 na 1992. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji vile. Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kazi mwaka 2001, imetengeneza mengi. Ipo hati ya hakimiliki ya kimila, na lipo baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Hili la kusuluhisha nalisifu sana. Hata hivyo kasoro ya 1958 haijatoka. Jirani huitwa mpakani kushuhudia, kisha huenda zake. Siku ya kuuza, inayoridhia ni halmashauri ya kijiji. Yeye hupata habari anapoliona trekta la mgeni.

Vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo zao. Ningekuwa mjumbe huko Urambo ningependekeza kifungu kimoja tu: anayeuza amwambie kwanza anayepakana naye, kwa bei ile ile aliyopewa na mnunuzi, na amngoje mpaka fedha za tumbaku zilipwe.