Kibodi za Kijerumani na Hatima ya Herufi ß

Mara nyingi hudaiwa kwamba herufi ß ilitoweka Uswisi kwa sababu ya mashine ya chapa. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshelezi, kwani laipa mashine mamlaka yaliyomo mikononi mwa watu.

Hapana budi kuanza na kibodi zenyewe. Ujerumani na Austria hutumia mpangilio mmoja: Z imewekwa mahali pa Y, kwa kuwa hutokea mara nyingi zaidi katika Kijerumani, na ä, ö, ü na ß zina vibonye vyao. Kibodi ya Uswisi nayo hufuata utaratibu huo wa Z na Y, ila yapasa kuwahudumia pia waandikao Kifaransa na Kiitaliano. Kwa hiyo ö na é hushiriki kibonye kimoja. Vivyo hivyo ü na è, ä na à. Katika mgawanyo huo ß haikupata nafasi.

Hata hivyo, tarehe hazikubaliani na dai hilo. Shule za jimbo la Zürich ziliacha kufundisha ß kuanzia mwaka 1938, lakini gazeti la Neue Zürcher Zeitung, la mji uo huo, liliendelea kuichapa hadi 1974. Miaka hiyo 36 yathibitisha kwamba herufi haifi siku inapokosa kibonye. Shule, wahariri na wasomaji ndio huamua.

Uamuzi huo una gharama. Mjerumani huandika »in Maßen« akimaanisha »kwa kiasi«, na »in Massen« akimaanisha »kwa wingi«. Kwa Mswisi maandishi ni yale yale. Muktadha pekee ndio humwongoza msomaji.

Nchini Ujerumani mambo yamekwenda kinyume. Umbo kubwa, ẞ, liliingizwa katika Unicode mwaka 2008, na Baraza la Tahajia ya Kijerumani likalikubali rasmi mwaka 2017. Lakini kibodi nyingi hazijachapwa umbo hilo juu ya kibonye chochote. Huko kanuni imetangulia, kifaa kinafuata kwa kusitasita.

Basi mchunguzi wa tahajia asiishie kwenye sarufi na kamusi. Aikague kibodi pia, na aulize ni mahitaji ya nani yaliyozingatiwa vibonye vilipogawanywa.