Kitabu cha Kusoma Likizoni

Likizo ndefu ya mwezi Juni ikikaribia, wanafunzi wa Mwanza hutuuliza sisi walimu, "Tuchukue kitabu gani nyumbani?" Wengi hupenda kilicho kifupi. Sisi twachagua kilicho kirefu: habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, zilizoandikwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akazifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, zikachapwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Yasemwa kwamba kitabu hiki chaenda polepole. Ni kweli. Mwandishi hapiti kilimo, uvuvi, wala pombe ya ndizi bila kueleza yote, na msomaji mwenye haraka huchoka. Lakini kisomwe jioni kwa sauti, wazee wakisikiliza. Watakatiza, watasahihisha, wataongeza ya kwao. Ndipo urefu ule utakapokuwa faida.

Wala jambo lenyewe si dogo. Mume na mke hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke, wazazi wake wamchukua. Lakini mume hamwachi, amfuata ukweni kuomba arudishiwe. Ni nyumba ngapi kando ya ziwa zingali na kilio hicho? Neno ambalo kijana hawezi kulitamka mbele ya wakubwa wake, kitabu chaweza kumsemea.

Basi, ukiisha kukisoma, usikifungie sandukuni. Mpe jirani, naye ampe mwenziwe.