Kuonya Mtoto bila Kumfanya Adui

Ile barua ndefu juu ya jamaa, «Amoris Laetitia», aliyoitoa Papa Fransisko tarehe 19 Machi 2016, wengi waliisikia kwa ajili ya mabishano ya sehemu ya nane tu. Ni hasara. Sehemu ya saba, inayosema juu ya malezi ya watoto, ndiyo ingefaa kusomwa nyumbani, tangu Baraka hata vijiji vya mlimani Fizi.

Namba 268 hadi 270 ndizo zenye nguvu. Mzazi amwachiaye mtoto kila atakacho, asema Papa, humkuza mtu ajuaye haki zake asiyejua wajibu wake. Lakini mzazi amdharauye mtoto hata asijione kuwa mtu, naye amekosa sawasawa. Mtoto aliyekosa lazima aonywe. Asifanywe adui, wala mahali pa kumalizia hasira ya mkubwa.

Neno hili latugusa. Mara ngapi mtoto hupigwa si kwa ajili ya sahani aliyoivunja, bali kwa kuwa baba amerudi kutoka ziwani bila ndagala, au mama amekuta muhogo wake umevunwa na wenye bunduki? Siku ya samaki wengi sahani ikivunjika, watu hucheka. Mtoto huyo hajifunzi kutunza sahani. Hujifunza kutazama uso wa baba. Fimbo ipo, mpaka haupo.

Hata hivyo barua ina upungufu kwetu. Sehemu hiyo yasema hasa na baba na mama walio pamoja mezani. Hata namba 278 yalaumu simu zinazokatiza maongezi ya chakula. (Ni haki, kwani simu zimefika Baraka pia.) Lakini tangu vita vya 1996 jamaa ngapi za Fizi zimetawanyika, wengine wakivuka Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu, watoto wakibaki kwa ndugu? Mara nyingi aonyaye ni nyanya, naye huogopa: akikaripia, yatima atadhani anachukiwa, akinyamaza, kijana atafuata wale wa porini. Huyu ndiye mwenye shida kubwa ya shauri. Wazee wamewekwa mbali, katika sehemu ya tano, namba 191 hadi 193, wakisifiwa kwa kuwarithisha wajukuu yaliyo mema.

Wanaosoma pamoja katika shirika waanze huko, ndipo waje namba 268, na palipoandikwa «wazazi» wasome pia nyanya, shangazi na kaka mkubwa.