RAV4 Kuukuu Hukaguliwa kwa Kupiga Magoti

Gari lilikuwa linang'aa. Mdogo wangu alishalizunguka mara mbili, akafungua milango yote, akakaa nyuma ya usukani, na nikaona usoni mwake kwamba moyoni ameshalinunua. RAV4 ya 2003, milango mitano, rangi ya fedha, imeegeshwa uani kwa muuzaji mmoja Dar es Salaam. Mimi nilianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto. Saa mbili asubuhi, gari halijatoka uani, na injini ina joto: kuna mtu aliyeiwasha kabla hatujafika. Nikamwomba muuzaji turudi kesho yake alfajiri, na ufunguo usiguswe mpaka tufike.

Sikumshuku kwa ubaya. Ila injini iliyopoa husema mambo ambayo ikishapata moto huyanyamazia. Mnyororo wa taimingi uliolegea hugonga sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijapanda. Injini inayokula oili mara nyingi hutoa wingu la bluu ikiwashwa baada ya kulala usiku kucha. Ukiikuta imeshapashwa moto, umeikuta imeshanawa uso.

Kabla ya kuendelea na gari lenyewe, lazima niseme lilivyoundwa, kwa sababu gari huzeekea pale lilipoundiwa kubeba mzigo. RAV4 ya kwanza ilipoingia sokoni Japani mwaka 1994, Toyota hawakulipunguza Land Cruiser. Land Cruiser ina chesisi, ile fremu nzito ya chuma ambayo bodi hukalishwa juu yake. RAV4 haina. Bodi yake hujibeba yenyewe kama ya gari dogo la kawaida, na injini imelazwa kwa upana, nguvu ikishukia magurudumu ya mbele. Kilichoongezwa ni njia ya kuifikisha nguvu hiyo nyuma: difu ya kati iliyounganishwa na giaboksi, kisha gia za pembe zinazougeuza mzunguko kuelekea kwenye propela shafti, na mwisho difu ya nyuma. Toleo la pili, la 2000 hadi 2005, ambalo ndilo lililokuwa mbele yetu, liliurithi mpango huo.

Difu ya kati ndiyo moyo wa gari hili. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na hiyo difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Lakini ikiachwa peke yake ina udhaifu: gurudumu moja likikwama kwenye tope na kuzunguka ovyo, nguvu yote itakimbilia huko. Ndiyo maana ikawekewa kifaa cha kuibana, chenye sahani nyembamba zilizozama ndani ya silikoni nzito. Mbele na nyuma zikipishana kidogo, silikoni huachia. Zikipishana sana, hupata joto, hubana, na kulazimisha pande zote mbili kuzunguka pamoja. Hakuna kitufe wala kompyuta. Ni kazi ya uhandisi ninayoipenda kwa dhati, ila ina sharti moja ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: matairi yote manne lazima yalingane.

Kesho yake alfajiri nilipiga magoti. Mbele kulikuwa na matairi mapya ya saizi ya gari hili, 215/70R16. Nyuma kulikuwa na 215/65R16, ya kampuni nyingine, yameshalika. Mdogo wangu alisema tofauti ni namba moja tu. Tukapiga hesabu pale pale kwenye simu. Tairi la mbele lina kipenyo cha milimita 707 hivi, la nyuma 686. Kila kilomita, la mbele huzunguka mara 450 na la nyuma mara 464. Mizunguko 14 ya ziada kwa kilomita, tena kwenye barabara iliyonyooka. Ukienda Morogoro na kurudi, difu ya kati imetafuna maelfu ya mizunguko ambayo haikuundiwa, na ile silikoni imechemka njia nzima. Ikichemshwa hivyo kwa muda mrefu huharibika, ikabaki imebana daima.

Kuna jaribio lisilohitaji mashine. Tafuta sakafu kavu ya saruji, kata usukani mpaka mwisho, achia breki, na uliache gari litambae lenyewe kwa duara. Gari zima huzunguka kwa wepesi. Hili letu lilisita, likajivuta kama breki ya mkono imepandishwa nusu, na matairi yakalia kwa kusuguana na saruji. Mwenye gari aliyetangulia alibana matumizi kwenye matairi mawili, na bei yake ikahamia kwenye difu.

Tuliendelea kulisoma, kwani gari moja hufundisha jinsi ya kusoma mengine. Chini ya boneti, kifuniko cha plastiki kiliandikwa D-4. Hiyo ni 1AZ-FSE, injini ya sentimita za ujazo 1,998 iliyofungwa kwenye RAV4 za soko la Japani, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ndugu yake 1AZ-FE, iliyo kwenye magari mengi yaliyotoka kiwandani kwenda nchi nyingine, hunyunyiza petroli kabla ya valvu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ni kubwa. Kwenye FE, petroli huosha valvu za kuingizia hewa kila mara. Kwenye FSE valvu haziguswi na petroli kamwe, kwa hiyo masizi hujijenga juu yake mwaka hadi mwaka, na mwishowe injini hutetemeka gari likiwa limesimama, au huzimika kwenye taa za barabarani. Tena FSE ina pampu ya petroli ya presha kubwa inayosukumwa na kemshafti. Mpira wake ukichoka, petroli huvujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, kinuse. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli ni onyo, hata kama injini inaunguruma vizuri.

Udhaifu mwingine wa ukoo huu wa injini, na unasemwa zaidi kwa 2AZ ya lita 2.4, uko kwenye bolti za silinda hedi. Bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za bolti za upande wa nyuma zinaweza kung'oka. Hedi huanza kupumua, maji ya rejeta hupungua bila tone kuonekana chini, na siku moja gari linachemsha. Hutibika kwa kuchimba tundu upya na kuingiza bushi ya chuma yenye nyuzi, lakini ni kazi ya fundi mwenye mkono uliotulia, si ya kila gereji. Kwa hiyo fungua rejeta wakati injini ni baridi. Maji yenye kutu, au yenye utando wa mafuta, yana historia.

Giaboksi nayo isihukumiwe haraka. Marekani, RAV4 za otomatiki za 2001 hadi 2003 zilipata sifa mbaya ya kuruka gia kwa kishindo, na mara nyingi iliyokosea ilikuwa kompyuta ya injini iliyotuma amri mbaya. Wapo waliobadilishiwa giaboksi nzima, kishindo kikarudi vilevile. Kabla hujaambiwa ununue giaboksi, dai gari lipimwe kwa mashine.

Namba ya kilomita niliitazama mwisho, na sikuipa uzito. Gari likitoka Japani kwa mnada huwa na karatasi ya ukaguzi yenye daraja kama 4 au 3.5, na daraja R au RA likimaanisha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Omba karatasi hiyo, ulinganishe kilomita zake na za dashibodi. Isipokuwepo, soma vitu visivyojua kudanganya: namba nne kwenye ubavu wa tairi (3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017), lebo ya tarehe kwenye mkanda wa kiti, na alama za kiwanda kwenye vioo. Kioo kimoja chenye alama tofauti na vingine kinataka maelezo.

Kwenye historia ya gari, Nairobi na Dar es Salaam zinaachana. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, hivyo RAV4 ya 2003 ukiiona Nairobi lazima iliingia kabla ya 2011 na huenda imepita mikono mingi. Huko ulizia madaftari ya gereji. Tanzania hupokea gari kuukuu ila hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo la Dar linaweza kuwa limeshuka melini mwezi uliopita. Usifurahi mapema. Huko kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, nayo hula chuma kwa chini, kwenye mikono ya magurudumu ya nyuma na kingo za sakafu. Rangi ya juu haisemi lolote kuhusu hayo. Bisibisi na tochi ndizo husema.

Muuzaji alikuwa muungwana, akapunguza bei. Tuliongeza kwenye hesabu matairi manne na difu ya kati ya mtumba pamoja na kazi ya kushusha giaboksi, na punguzo halikutosha. Mdogo wangu aliondoka kimya, na nilimhurumia, maana alishalipenda.

Wiki tatu baadaye aliniita Mbagala. RAV4 ya 2004, rangi imefubaa kwenye paa, kiti cha dereva kimechanika ubavuni, matairi manne ya jina moja yaliyolika sawasawa. Boneti lilikuwa baridi. Alikuwa ameshakata usukani mpaka mwisho kabla sijashuka kwenye bajaji, na gari likawa linazunguka uani kwa mwendo wa kinyonga, bila kujivuta, naye ametoa kichwa dirishani akisikiliza matairi.