"Andazi la Kuchemsha": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Upishi

Miongoni mwa istilahi za mswada mmoja wa mafunzo ya upishi tulioletewa tuuhakiki, imo "andazi la kuchemsha". Mwandishi ameitumia kwa vyakula vyote vya unga wa ngano uliotiwa hamira, ukakandwa, ukaumuka, kisha ukaivishwa bila mafuta wala tanuri. Humo ameingiza mantou ya Wachina, knedlíky ya Wacheki ambayo hukatwa vipande na kuliwa kwa mchuzi, na Germknödel ya Austria yenye jamu ya plamu ndani yake.

Yafaa kwanza tumpe haki yake. Ametumia kuumuka kwa unga na kuchacha kwa kinywaji, wala hakuyachanganya, wengi huyachanganya. Lakini katika "andazi la kuchemsha" amekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Kuchemsha ni kuyapasha maji moto hata yatokote, au kukiivisha kitu ndani ya maji hayo. Knedlíky hutumbukizwa majini, kwa hiyo si vibaya kusema kuwa huchemshwa. Mantou haiguswi na maji; hukaa juu yake, ikaivishwa na mvuke. Istilahi moja imezifunika njia mbili zilizo mbali, na mpishi hawezi kujua ashike ipi.

Madhara yake niliyaona wilayani Karagwe, katika jiko la chuo kimoja ambako mswada huo ulikuwa ukijaribiwa. Wanafunzi walisoma "chemsha kwa dakika 20", wakayatumbukiza madonge laini katika maji yanayotokota. Yalipotolewa, nje yalikuwa utelezi na ndani mabichi. Unga ule ulinunuliwa kwa michango ya wazazi, watu wa ndizi, maharage na kahawa, ambao ngano kwao ni ya dukani. Aidha, zoezi lile lilikuwa la kupewa alama, na wanafunzi walioharibikiwa walikuwa wametii maandishi neno kwa neno.

Mpishi wa chuo, mama mmoja wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, alitandika vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria, akatia maji machache, akapanga madonge yaliyosalia juu ya majani, akafunika. Ndivyo matoke yanavyopikwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Murongo. "Mwanangu," aliniambia, "haya hayachemshwi. Haya hufukizwa."

Je, tulichukue neno la mama huyu? Kwa bahati mbaya, kufukiza katika Kiswahili kumeshikamana na moshi wa ubani na udi. Kuvukiza kungefaa zaidi kwa kuwa kumo katika ukoo wa mvuke, ila katika sayansi neno hilo na jamaa zake yamekwisha kutumika kwa maji yageukayo mvuke. Basi tubaki na "kupika kwa mvuke": ni maneno matatu, lakini hayampotezi mtu.

Ama kuhusu jina la chakula chenyewe, wako wasemao kuwa andazi sharti likaangwe. Hayo ni mazoea tu. Asili ya neno ni kuandaa, na katika kuandaa hamna mafuta. Hata hivyo, kwa kuwa msomaji asikiapo andazi huona karai la mafuta, neno la kubainisha njia lisiachwe kamwe. Majina mengine ya pwani hayatufai: kaimati hukaangwa, kisha hutiwa katika shira, vipopoo hupikwa ndani ya tui na kwa kawaida havitiwi hamira, mkate wa kumimina, kama jina lisemavyo, haukandwi.

Kwa hiyo napendekeza istilahi mbili badala ya moja: "andazi la mvuke" kwa mantou na jamaa zake, na "andazi la kutokosa" kwa knedlíky, kama tutokosavyo muhogo na viazi. Germknödel, ambayo wapishi wengine huitia majini na wengine huipika kwa mvuke, ifuate njia iliyotajwa katika maelezo ya upishi wake.

Mswada huu una manufaa na unastahili kuchapishwa, lakini ukurasa huo usahihishwe kwanza. Sisi tunaoidhinisha istilahi tukiwa mezani, yatupasa kukumbuka kuwa yuko mwanafunzi atakayezitii mbele ya moto, kwa unga ulionunuliwa na mzazi wake.